Klabu inayokutana kila wiki ina faida gani kwa kijiji chenye kisima kibovu?

Swali: "Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Rafiki yangu amenialika mara mbili kwenye klabu yao ya Rotary. Nimeona watu wanaimba, wanatozana faini, wanakula, wanamsikiliza mgeni akizungumza, kisha kengele inagongwa na kila mtu anakwenda zake. Sasa wanataka nijiunge, na ada si ndogo. Kwa nini wasichange pesa za chakula wakazipeleka moja kwa moja kijijini? Nauliza kwa uchungu. Kwetu Bugiri klabu moja ilituchimbia kisima, wakaja na fulana na mpiga picha, na leo pampu hiyo ina mwaka wa pili haitoi maji. Je, niingie? Na kile kisima tukifanyeje?"

Dada, asante kwa kuuliza bila kuzunguka. Nimekuwa mwanachama wa klabu ya huduma kama hiyo ya Rotary, yaani chama cha watu wa kazi mbalimbali wanaojitolea kusaidia jamii, kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa kwenye kamati ya miradi. Swali lako la pampu ni zito kuliko la ada, kwa hiyo nitaanza nalo. Ukielewa kwa nini pampu ile ilinyamaza, utaelewa pia mkutano wa kila wiki ni wa nini.

Pampu nyingi za mkono vijijini kwetu ni za aina ya U2. Kwa nje ni chuma kigumu, lakini ndani mna vitu vinavyochakaa: mipira ya silinda, mnyororo, beringi, fimbo, na mabomba yanayoshuka hadi kwenye maji. Pale ambapo maji ya chini yana asidi, bomba la chuma lililopakwa zinki huliwa na kutu mapema. Maji hutoka mekundu, yakaharibu chai na nguo nyeupe, na akina mama wakarudi kwenye kidimbwi hata kabla pampu haijafa. Kiwango kinachotumika Uganda ni kisima kimoja cha pampu kwa watu 300 hivi. Hebu fikiria mkono ule unapigwa mara ngapi tangu alfajiri hadi giza. Kuharibika kwake si ajali. Kunajulikana tangu siku ya kwanza, kisichojulikana ni mwezi tu.

Serikali inalijua hilo. Ndiyo maana utaratibu wake unataka kila kisima kiwe na kamati ya watumiaji maji, angalau nusu ya wajumbe wakiwa wanawake, kila kaya itoe mchango mdogo wa matengenezo, na kuwe na fundi wa pampu anayejulikana kwenye gombolola, yaani eneo la utawala lililo chini ya wilaya. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kamati huundwa wiki moja kabla ya makabidhiano kwa sababu mfadhili ameitaka. Majina yanaandikwa, picha inapigwa. Hakuna aliyefundishwa kuweka daftari, hakuna akaunti, pesa zinakaa mfukoni mwa mweka hazina. Mwezi wa kwanza watu wanatoa. Baada ya miezi michache mtu anauliza pesa ziko wapi, hapati jibu, na hapo mchango unakwisha. Mnyororo ukikatika siku hiyo, hata kipuri cha bei ndogo hakina mnunuzi.

Na klabu iliyochimba iko wapi? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi lisemwe mbele ya wageni. Mwaka wa Rotary huanza tarehe 1 Julai, na siku hiyo kila klabu hupata rais mpya. Kila rais anatamani aache alama yake. Aliyekuja kwenu na fulana ameshavua mkufu wa urais; aliyemfuata alikuwa na shauku ya madawati ya shule, na wa sasa yuko kwenye miche ya miti. Wote ni watu wema, wote wamefanya kazi, na kisima chenu kimebaki bila mwenyewe. Huo ndio udhaifu mkubwa wa klabu za huduma, na nausema kwa sababu nazipenda.

Dawa yake ni ile saa moja uliyoiona ukadhani ni ya kuimba na kula.

Nyimbo, sala, faini za sajenti (mwanachama anayesimamia nidhamu ya mkutano), kumchangia mwenye siku ya kuzaliwa, hayo yana kazi yake ya kuwafanya watu wazoeane, meneja wa benki atozwe faini sawa na mwenye duka la simu. Pesa za faini huenda kwenye mfuko wa huduma. Lakini dakika zinazokihusu kijiji chenu ni zile za katikati, ambazo mgeni huwa anaangalia simu yake: kamati zinapotoa taarifa. Mwenyekiti wa miradi akijua kwamba kila wiki atasimama mbele ya wenzake na kuulizwa "Bugiri wamefikia wapi?", hawezi kujibu "tunafuatilia" wiki nne mfululizo. Ataona haya. Haya hiyo, inayorudi kila baada ya siku saba, imetengeneza pampu nyingi kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia. Tena chumbani mle kuna watu ambao kijiji kingewatafuta kwa barua mwaka mzima: mhandisi wa maji, mwenye duka la vifaa, muuguzi mkuu, wakili. Akitajwa fundi, mtu anayo namba yake. Yakitajwa mabomba, mtu anajua nani anauza ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu kwa bei ya haki.

Rotary yenyewe ilianza hivyo hivyo. Wakili Paul Harris na wenzake watatu walikutana mara ya kwanza Chicago tarehe 23 Februari 1905, kisha wakawa wakipokezana kukutania kwenye sehemu zao za kazi, ili kila mmoja aijue kazi ya mwenzake. Huku kwetu klabu ya Kampala ilianza mwaka 1957. Na usidhani hili ni jambo la wageni tu: Sam Owori, mwenyeji wa Tororo jirani yenu na mwanachama wa klabu hiyo ya Kampala, alikuwa amekwisha kuteuliwa awe rais wa Rotary ya dunia nzima kwa mwaka wa 2018 hadi 2019, kifo kikamtangulia Julai 2017.

Tangu mwaka 2016 sheria za Rotary zinaruhusu klabu ikutane mara mbili tu kwa mwezi. Klabu nyingi za Uganda zimebaki na kila wiki, na mimi naona zimefanya vyema. Kwa klabu yenye miradi hai, wiki mbili ni muda mrefu wa kusahau.

Chukua mfano wa damu. Rotary imehusika sana na damu nchini. Benki ya damu iliyoko hospitali ya Mengo ni matunda ya kazi yake, na klabu nyingi huandaa siku za kuchangia pamoja na huduma ya taifa ya damu. Sasa damu nzima iliyowekwa kwenye jokofu hudumu siku 35 hivi, kisha haifai. Mwanamume anaweza kutoa tena baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Wachangiaji wakubwa Uganda ni wanafunzi, kwa hiyo shule zikifungwa, rafu za benki za damu hubaki tupu, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kungoja muhula uanze. Klabu inayofanya siku moja kubwa ya damu kwa mwaka, yenye muziki na mahema, imesaidia mwezi mmoja. Klabu inayoweka daftari la wachangiaji, ikawakumbusha kwa zamu, na ikapanga siku zake wakati wa likizo za shule, imesaidia mwaka mzima kwa gharama ndogo zaidi. Tofauti ya klabu hizo mbili haiko kwenye utajiri. Moja ina mtu anayeulizwa habari za daftari kila wiki.

Kambi za afya ni vilevile, na hapa nina msimamo mkali. Kumpima mzee presha, kumwambia imepanda, kumpa vidonge vya wiki moja na kuondoka na hema lako, huko ni kumtisha tu. Kambi iliyopangwa vizuri huwa na mhudumu kutoka kituo cha afya cha karibu, anayeandika majina na kuyachukua, na baada ya mwezi klabu inauliza: kati ya tuliowatuma, wangapi walifika?

Wanaobisha kwamba klabu zenye marais wa mwaka mmoja haziwezi kazi ya muda mrefu, nawakumbusha polio. Rotary iliibeba kazi hiyo mwaka 1985. Mwaka 2010 kirusi kilionekana tena kwenu huko huko Bugiri, wakati nchi ilidhani imekwisha kuachana nacho, na ikabidi chanjo za nyumba kwa nyumba zirudi. Wanachama walikuwemo kwenye kazi hiyo. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Ni miaka 35 ya kazi moja. Marais walibadilika, kazi haikubadilika, kwa sababu haikuwa mali ya rais yeyote. Mbio za saratani za Rotary hapa Uganda zimekwenda kwa mtindo huohuo: zilianza mwaka 2012 kwa lengo la wodi ya saratani hospitali ya Nsambya, na kila Agosti watu wanarudi barabarani kwa ugonjwa uleule, hawakuuacha kwa kuwa kiongozi mpya alipenda jambo jingine.

Nije kwenye pesa za chakula. Ada unayolipa ina mafungu: la Rotary ya kimataifa, la distrikti (kundi la klabu za eneo), na la kuendesha klabu yenyewe. Chakula mara nyingi ni juu yako, na klabu kadhaa zimepunguza, wanakunywa chai na kitafunwa tu. Fedha za miradi hutakiwa zikae kwenye akaunti nyingine kabisa, na mweka hazina anapaswa kukuonyesha zote mbili. Hata mkikusanya sahani zote za mwaka hamtapata mfumo wa maji wa kijiji kizima. Pesa kubwa hutoka kwenye Mfuko wa Rotary, ulioanza mwaka 1917. Ruzuku yake ya kimataifa huanzia mradi wa dola 30,000, na huitaka klabu ya hapa ishirikiane na klabu ya nchi nyingine, ikiwa na tathmini ya mahitaji iliyofanywa pamoja na wanakijiji wenyewe. Kikundi cha kijiji hakiwezi kuomba moja kwa moja. Lazima kuwe na klabu inayosimama katikati. Kwa hiyo anayekaa kwenye ile meza kila wiki ndiye anayejua mlango uko wapi. Lakini ukikuta klabu inayokula hotelini kila wiki na haina mradi hata mmoja wa kukuonyesha, basi malalamiko yako ni ya haki, usijiunge nayo.

Sasa kisima chenu. Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, mwiteni fundi wa pampu wa gombolola aifungue. Mlipeni kazi yake. Mnataka karatasi moja inayosema nini kimeharibika na vipuri ni bei gani. Vijiji vingi huomba kisima kipya wakati cha zamani kinadai mipira na mabomba mawili, na wafadhili hupenda kuchimba kipya kwa sababu kukata utepe kunaonekana. Msikubali. Kama mabomba yameliwa na kutu, msirudishe ya chuma kilichopakwa zinki, mtarudi palepale.

Wakati fundi anafungua, ulizeni ardhi ni ya nani. Kila mkutano wa Rotary hutaja yale maswali manne yaliyoandikwa na Herbert Taylor mwaka 1932: je, ni kweli, je, ni haki kwa wote wanaohusika, je, litajenga nia njema na urafiki, je, litawanufaisha wote wanaohusika? Wengi huyasema kwa kukariri. Swali la pili liulizeni kwa dhati juu ya shamba lile. Kama mwenye ardhi alikubali kwa mdomo tu, siku atakapofariki watoto wake wataweka uzio na kufuli. Andikeni makubaliano, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, atie mhuri, majirani watie saini, na njia ya kwenda kisimani iandikwe humo pia.

Halafu kamati. Usihangaike kuifufua ile iliyokufa. Tazama ni kikundi gani kijijini hakijawahi kukosa pesa wala kugombana juu ya hesabu. Karibu kila kijiji unachokijua kina kikundi cha kuzikana na kikundi cha kuweka na kukopa, kile chenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu. Vikundi hivyo havikufundishwa uadilifu na mfadhili yeyote. Vimedumu kwa sababu vinakutana kila wiki, pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote, na asiyekuja anatozwa faini. Bila shaka umekwisha kuona vinafanana na nini. Mfuko wa kisima uwekeni humo, kwenye bahasha yake ndani ya sanduku lilelile, na uhesabiwe siku ileile. Nimeona visima vilivyoshindwa na kamati tatu vikadumu baada ya mchango kuhamishiwa kwa akina mama wa sanduku.

Mkishakuwa na karatasi ya fundi, makubaliano ya ardhi na bahasha yenye pesa ndani, hata kama ni kidogo, andikeni barua kupitia LC1, nakala kwa afisa maendeleo ya jamii wa gombolola na kwa afisa wa maji wa wilaya. Ipelekeni kwanza kwa klabu iliyochimba. Semeni kwa heshima mlipokea nini, kimefikia wapi, ninyi mmefanya nini, na mnapungukiwa nini. Klabu ikipokea barua ya namna hiyo na ikasomwa kwenye mkutano, ni vigumu sana isijibiwe. Wakinyamaza, nendeni klabu nyingine ya karibu. Rotary ina utaratibu wa kukidhamini kikundi cha wanakijiji wasio wanachama, kinaitwa Rotary Community Corps, na wale akina mama wa sanduku wangefaa kabisa.

Kuhusu wewe kujiunga, nakuomba ufikirie jambo ambalo huenda hukulitaja kwa kuwa unaliona la kawaida. Wewe unajua mahindi. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu mpakani hapo hapo kwenu kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayoletwa na ukungu, na wakulima wengi hawakuelewa hata kosa lao lilikuwa nini. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mkulima anayeanika kwenye udongo ulio wazi hafiki hapo msimu wa mvua. Klabu yenye daktari na mhasibu haiwezi kumfundisha mkulima wa Bugiri kuanika juu ya turubai, kung'ata punje na kusikia kama imekauka, kupanga magunia juu ya mbao yasiguse sakafu. Wewe unaweza, tena unajua nani ananunua mahindi safi na kwa bei gani. Rotary huwatafuta wanachama wa kazi mbalimbali kwa sababu hiyo hasa. Huo ungekuwa mradi wenye gharama ya maturubai na mafuta ya pikipiki, na faida yake ingeingia mifukoni mwa watu msimu huohuo.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ingia, lakini si lazima iwe klabu hii. Nenda mara ya tatu, na safari hii usikae meza ya wageni. Omba ukae na kikundi kidogo cha ndani ya klabu, kile tunachokiita badi grupu, kwa maana huko ndiko watu husema ukweli. Waulize rais wa miaka mitatu iliyopita alikuwa nani na mradi wake mkubwa ulikuwa upi. Kisha omba mtu akupeleke ukauone. Wakikujibu "twende Jumamosi", umepata klabu. Wakianza kutafuta picha kwenye simu, endelea kutafuta. Muulize mweka hazina jumla ya gharama zote kwa mwaka, chakula na michango ya ghafla ikiwemo, na ulinganishe na faida ya biashara yako katika msimu mbaya, si msimu mzuri. Kama hesabu inabana, waambie hivyo wazi. Klabu nyingi hukubali kulipa kwa awamu, na mtu asiingie kwenye huduma kwa deni.

Kama utaingia, ingia kabla ya Julai. Kamati mpya hupangwa miezi ya Aprili hadi Juni, na ukiwa ndani wakati huo unaweza kuomba nafasi kwenye kamati ya miradi na kudai jambo moja: kila mradi uliokabidhiwa katika miaka mitano iliyopita uwe na jina la mwanachama mmoja anayeutembelea na kuutolea taarifa mara moja kwa mwezi, rais awe yeyote.